Maswali yenu kuhusu moshi: mbona eneo zima linakohoa?

Safari hii maswali yamekuja mengi kuliko kawaida, na karibu yote yametoka kwa watu wanaoishi karibu na viwanda, machimbo, barabara kubwa au dampo linalochomwa kila jioni, yaani watu ambao wakipangusa meza asubuhi, jioni wanapangusa tena. Ntayajibu moja baada ya jingine, mengine kwa urefu mengine kwa kifupi, na yale yanayofanana nimeyaunganisha.

Huku kwetu mtoto akikohoa, wa jirani naye anakohoa, na wa jirani yake tena. Zahanati wanasema mafua tu. Inaweza kuwa ni hewa?

Inaweza dada yangu, na inaweza kuwa mafua kweli, na mara nyingi ni vyote viwili kwa pamoja na hapo ndo ugumu ulipo. Daktari akimpima mtoto mmoja anaona koo jekundu, anasikia kifua kinalia kama filimbi, anaandika dawa anaita anayefuata. Silaumu, kwa mtoto mmoja hata mimi nisingeona zaidi ya hapo. Moshi unaonekana pale unapowahesabu watoto wote wa eneo na kuangalia waliumwa lini.

Ngoja nikupe mfano ambao kila nikiusoma tena unanigusa. Kule Marekani, jimbo la Utah, kuna bonde linaitwa Utah Valley ambako kulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma. Agosti 1986 kikafungwa kwa sababu ya mgogoro na wafanyakazi, kikakaa kimya kama miezi 13 hivi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Mtafiti mmoja, Arden Pope, akachukua rekodi za hospitali akazipanga, msimu wa baridi wa kabla, msimu ambao kiwanda kimefungwa, na msimu wa baada. Watoto waliolazwa kwa bronkaitisi (uvimbe wa njia za hewa kifuani) na pumu misimu ambayo kiwanda kinafanya kazi walikuwa mara mbili hadi mara tatu ya wale wa msimu ule mmoja wa ukimya. Bonde ni lilelile, hospitali zilezile, kilichobadilika ni moshi tu. Ukifungua faili la mtoto mmoja unakuta limeandikwa pumu, basi, ukiyapanga mafaili yote kwa tarehe ndo unaona kiwanda kimo humo ndani.

Kwa hiyo usiache kumpeleka mtoto zahanati, na akianza kuvuta pumzi haraka haraka mbavu zinaingia ndani usisubiri asubuhi, nenda usiku huohuo. Lakini ukiwa pale waambie pia mnaishi wapi na siku gani kunakuwa na moshi, maana daktari asipojua hatauliza.

Sisi vumbi tumezaliwa nalo, wazee wetu wameishi nalo. Pua si ndo kazi yake kuchuja?

Mzee wangu shikamoo. Pua inachuja kweli, na vumbi lile kubwa unaloliona kwenye mwanga wa dirisha nyingi yake inanasa kwenye kamasi ukapiga chafya ikaisha. Tatizo ni zile chembe ndogo zinazoitwa PM2.5, maana yake zina upana wa mikroni 2.5 kushuka chini, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwani una mikroni kama 50 hadi 70, sasa chukua huo unywele uugawe upana wake mara ishirini na kitu ndo unafika kwenye hiyo chembe, na hiyo ndo kubwa yao. Hizi pua haiziwezi, koo haliziwezi, zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinapenya kuingia kwenye damu.

Zikishaingia kwenye damu hatuzungumzii kikohozi tena. Watu wengi hawajui hili na mimi nataka lijulikane kuliko kitu chochote kingine nitakachoandika leo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vilivyotokana na hewa chafu ya nje mwaka 2019 vilikuwa milioni 4.2, na asilimia 68 ya hivyo vilikuwa vya moyo na kiharusi. Saratani ya mapafu ilikuwa asilimia 4 tu. Sasa fikiria misiba ya miaka hii mitano eneo lenu, yule aliyeanguka shambani, yule aliyepooza upande mmoja, mliwaza moshi? Wengi wangesema presha au kazi ya Mungu. Sisemi wote ni moshi, nasema moshi hauhesabiwi kabisa na ulipaswa kuwemo kwenye hesabu.

Nina presha, dawa nameza vizuri, chumvi nimepunguza. Siku moshi ukiwa mzito nikipima inapanda. Mume wangu anasema najitia wasiwasi.

Hujitii wasiwasi mama. Chembe zikifika kwenye mapafu mwili unaziona kama adui, unawasha vita, na vita hiyo haibaki kifuani, mishipa ya damu inakakamaa na kusinyaa, damu inaganda kwa urahisi, mapigo ya moyo yanayumba. Kwa mtu ambaye mishipa yake iko sawa anaweza asisikie kitu, kwa mwenye presha, kisukari au aliyewahi kupata shida ya moyo ndo inakuwa kama kuongeza mzigo kwenye gari ambalo tayari limejaa.

Unachofanya sa hivi ni kizuri, endelea kupima ila andika, tarehe, saa, namba, na hali ya hewa siku hiyo. Usijiongezee kidonge mwenyewe, peleka hiyo daftari kwa daktari aamue yeye. Na mumeo mwambie dalili hizi azijue kwa kichwa: kifua kubana na maumivu kwenda mkononi au kwenye taya, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu ghafla, maneno kutoeleweka. Hapo ni hospitali moja kwa moja, dakika zinahesabika.

Nina ujauzito wa miezi saba, nyumba iko barabarani kabisa malori yanapita usiku kucha. Mtoto anaathirika?

Hongera sana, na pole kwa hayo malori. Sitakuficha wala sitakutisha. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walikuta masizi kwenye kondo la nyuma, upande ule wa mtoto, kwa hiyo ndiyo, kuna kinachofika. Na hewa chafu inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Lakini kuna upande mwingine wa habari hii ambao unapaswa kukupa nguvu. Mwaka 2008 wakati wa Olimpiki serikali ya China ilipunguza moshi wa Beijing kwa nguvu, magari yakazuiwa, viwanda vikasimamishwa, na watoto ambao mwezi wao wa nane tumboni uliangukia wiki zile walizaliwa na wastani wa gramu 23 zaidi ya watoto wa kipindi kama hicho mwaka wa kabla na mwaka wa baada. Gramu 23 kwa mtoto mmoja ni kidogo, lakini ni wastani wa mji mzima na ni kwa wiki chache tu za hewa afadhali. Maana yake hata mwezi mmoja una faida na hujachelewa.

Kwa hiyo hamia chumba cha nyuma kwa kulala kama kipo, madirisha ya barabarani yafunge saa malori yanapokuwa mengi na ufungue ya nyuma, ukitembea pita njia za ndani maana moshi wa magari unapungua sana ukishaingia ndani mita 150 mpaka 300 kutoka barabarani. Kliniki usikose hata mara moja.

Kuna vinywaji vinauzwa mtandaoni vya kusafisha mapafu. Vinafanya kazi?

Hapana. Unachokunywa kinaenda tumboni, hakipiti kwenye mapafu. Mapafu yana njia zake ya kujisafisha na inachohitaji ni wewe kuacha kuyaongezea uchafu, kuanzia na sigara. Pesa hiyo nunua barakoa nzuri.

Barakoa ya kitambaa inatosha? Na mimea ya ndani je?

Kitambaa hakitoshi. Kinazuia vumbi kubwa tu, zile chembe nilizozisema juu zinapita. Inayofaa ni N95 au ya kiwango hicho, ambayo inanasa angalau asilimia 95 ya zile chembe ambazo ni vigumu kabisa kuzinasa, na hata hiyo inafanya kazi ikibana uso vizuri, ikiachia pembeni ya pua hewa yote inaingilia hapo na umevaa pambo. Kwa mwenye ndevu ndefu haibani, hilo lijulikane. Mtoto mdogo usimvalishe ya mtu mzima.

Mimea ya ndani ni mizuri kwa macho. Kusafisha hewa ya chumba ungehitaji kwa uchache mimea kumi kwa kila mita moja ya mraba, huna pa kukaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku za moshi niwaache watoto wacheze nje?

Mwalimu asante kwa kuuliza, natamani na wengine wangeuliza. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, anakimbia, anahema kwa mdomo, na mapafu yake bado yanajengwa mpaka anapokaribia miaka ishirini. Kwenye siku za kawaida waache wacheze, michezo ni afya na faida yake ni kubwa kuliko hasara. Siku ambazo moshi unaonekana kwa macho au macho yanawasha, mbio zihamishiwe saa ambayo hewa ni afadhali au wabaki na michezo ya kukaa, na wale wenye pumu inhela zao ziwe darasani, si kwenye kabati la ofisi lililofungwa ufunguo. Na takataka za shule zisichomwe watoto wakiwepo, hili liko mikononi mwenu kabisa.

Ila nataka ujue ni kitu gani kinachezewa hapa. Kusini mwa California waliwafuatilia watoto kwa makundi, la kwanza miaka ya 1994 hadi 1998, la mwisho 2007 hadi 2011, na katikati hapo hewa ya kule ilikuwa inasafishwa kidogo kidogo kwa sheria za magari na viwanda. Kundi la kwanza, watoto waliofika miaka 15 wakiwa na mapafu dhaifu kwa kipimo cha hospitali walikuwa asilimia 7.9. Kundi la mwisho asilimia 3.6. Zaidi ya nusu imeondoka mwalimu, na hawa watoto hakuna aliyewapa dawa. Mapafu usiyoyajenga ukiwa mtoto huwezi tena kuyajenga ukubwani, ndo maana mimi suala la shule kujengwa pembeni ya barabara kuu linaniumiza sana.

Kwetu hakuna kiwanda hata kimoja, kiwanda kiko mbali kabisa, milima iko katikati. Mbona na sisi tunapata?

Kwa sababu hewa haina mpaka. Gesi za salfa na naitrojeni zinazotoka kwenye bomba refu la kiwanda zinapanda juu, zinasafiri, na njiani zinageuka kuwa chembe zile ndogo, kwa hiyo anayeishi mamia ya kilomita anaweza kupokea kitu ambacho anayeishi chini ya bomba hakioni. Mabomba marefu yalijengwa kusaidia majirani wa karibu na yakawapelekea wa mbali. Mwaka 2015 moto wa misitu na ardhi za mboji Indonesia ulifunika Singapore na Malaysia mpaka shule zikafungwa, nchi tatu zinavuta moshi mmoja.

Na hiyo milima uliyoitaja inaweza kuwa inaongeza shida badala ya kuwakinga. Kama mko bondeni, asubuhi za baridi hewa baridi inakaa chini na ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, moshi unakosa pa kutokea. Ndicho kilichotokea Donora, mji mdogo wa viwanda huko Pennsylvania Marekani, Oktoba 1948, siku chache tu za kifuniko, watu 20 wakafa na karibu nusu ya mji, kwenye watu 14,000, wakaumwa. London, Desemba 1952, siku tano za moshi wa makaa, hesabu ya mwanzo ilikuwa vifo kama 4,000 na makadirio ya baadaye yanafika 12,000. Yaani walishindwa kujua ukubwa wake wakiwa katikati yake, kwa sababu kila nyumba ilikuwa inazika mtu wake. Sheria ya hewa safi ya Uingereza ilikuja 1956.

Mnasema viwanda tu. Jikoni je?

Umenikumbusha vizuri. Mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulikadiriwa kuua watu milioni 3.2, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Bado watu kama bilioni 2.1 duniani wanapika kwa kuni, mkaa, kinyesi cha wanyama au mafuta ya taa. Anayeumia zaidi ni yule anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake. Gesi au umeme ukiweza ndo suluhisho, na usipoweza leo pikia nje au penye upepo unaopita, kausha kuni vizuri, na mtoto asikae karibu na jiko. Na mkaa unaowaka usiuingize chumbani kulala nao hata kwa baridi kali kiasi gani, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa huo, haina harufu na watu hawaamki.

Sasa naomba hili lisigeuzwe kuwa kisingizio. Nimeona mara nyingi watu wa eneo wakilalamikia bomba la kiwanda wanajibiwa "ninyi na majiko yenu". Majiko na bomba yote yanahesabiwa, kimoja hakifuti kingine.

Mimi na ndugu zangu wawili tunafanya kazi hapohapo kiwandani. Wakifunga tutakula nini?

Kaka, swali lako nimelisoma mara tatu. Sitaki kiwanda chenu kifungwe na siamini mtu anayeishi kwenye moshi anapaswa kuambiwa achague mshahara au mapafu. Mashine za kunasa vumbi kwa umeme kabla halijatoka kwenye bomba zipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vichujio vya mifuko vipo, mitambo ya kuondoa salfa ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni wa kusimamia kwamba vimefungwa, vinawashwa, na havizimwi usiku kuokoa umeme.

Angalia Dublin, Ireland. Septemba 1990 walipiga marufuku kuuza makaa yale yenye moshi mwingi, hawakuwaambia watu wakae na baridi, walibadilisha kinachochomwa. Moshi mweusi ulishuka kwa karibu asilimia 70 na vifo vya magonjwa ya kifua vikashuka. Beijing nayo, kiwango cha PM2.5 kilikuwa mikrogramu 89.5 kwa mita ya ujazo mwaka 2013, mwaka 2022 kikawa 30, na mji haujafa njaa. Bado ni mara sita ya kile ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021, yaani wastani wa 5 kwa mwaka, lakini tofauti ya 89 na 30 ni watu halisi ambao bado wako hai.

Na ninyi wafanyakazi ndo mnaovuta wa kwanza na mwingi. Muulizeni msimamizi wa usalama kazini vipimo vya vumbi vya ndani ya jengo, ni swali la haki kabisa.

Tukitaka kulalamika tuanzie wapi? Tukienda wanasema hatuna ushahidi.

Ushahidi unakusanywa taratibu, na mnaweza. Kuna mtoto London aliitwa Ella Kissi-Debrah, alikuwa na pumu kali, alilazwa karibu mara 30, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukutaja hewa. Mama yake Rosamund hakukubali, akaendelea miaka saba, mahakama ikaamuru uchunguzi upya, na Desemba 2020 ikatamkwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Kilichosaidia ni kwamba vipimo vya hewa vya jirani na nyumbani kwao vilikuwepo, vina tarehe, na tarehe za kulazwa zipo, vikawekwa pembeni kwa pembeni.

Kwa hiyo anzeni na hivyo viwili. Vifaa vidogo vya kupima PM2.5 sa hivi vinapatikana, si sahihi kama mashine za serikali lakini vinaonyesha kupanda na kushuka. Kifaa kifungeni nje, mita mbili hivi kutoka chini, mbali na jiko na mbali na mahali pa kuchomea taka, la sivyo mtapima jiko lenu wenyewe na watawashinda hapohapo. Alafu ombeni zahanati idadi tu, bila majina ya wagonjwa, ya waliokuja na kifua, pumu na presha kila wiki. Mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri akae na daftari aandike kila siku: upepo umetoka upande gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, saa ngapi ulianza. Na siku ambazo kiwanda kimesimama, hata ikiwa ni kwa ajili ya matengenezo au sikukuu, hizo msisahau kuziandika, hizo ndo siku za muhimu kuliko zote.